Kwa Matumizi ya Nje Tu

Kopo la mafuta ya mgando nililinunua gulioni Kigwe
kwa ajili ya mashavu ya Nyemo, kiangazi kisiyapasue.
Juu ya kifuniko kuna mtoto mnene, anacheka.
Wiki haijaisha, kopo limebaki na mikwaruzo ya kucha zangu,
mashavu ya Nyemo bado yana mistari myeupe,
na punda masikio yanamng'aa.

Jina lake Mkopo.
Nilimnunua kwa fedha ya kikundi,
marejesho kila Alhamisi,
na Alhamisi haiulizi kama punda ana kidonda.

Kilianzia pale mti wa tandiko unapokaa,
upana wa kiganja, kikitoa maji.
Madumu manne, kutoka kisimani hadi kwa mama ntilie wa stesheni,
mara tatu kwa siku. Hesabu hiyo
mgongo wake unaijua kuliko daftari langu.

Bwana mifugo yuko Bahi. Huja Jumanne,
si kila Jumanne.
Basi nikaipindua nyumba kama mfuko:

maji ya uvuguvugu na chumvi ileile ya mlenda,
kipande cha sabuni ya kufulia, kile cha bluu,
mswaki wa marehemu mume wangu, kusugulia kwato
(alikuwa mtu wa meno, lakini asingenuna),
kitenge nilichovaa siku ya kumzika, nikakikunja mara nne
kikawa mto chini ya tandiko.
Wifi yangu alipokiona alinyamaza,
kisha akauliza kama kimebaki kipande.
Naye ana punda.

Ukwato wa nyuma ulipopasuka
nilikumbuka pampasi tatu alizosahau binti wa dada
alipokuja na mtoto kutoka mjini.
Nikamvalisha moja, nikaikaza kwa mpira wa tyubu.
Kigwe nzima ilitoka kutazama.
Watoto walimfuata hadi relini,
na mwalimu Chiduo, ambaye hacheki,
alishuka kwenye baiskeli ili acheke vizuri.

Nimekosea pia. Sifichi.
Jirani alisema mafuta ya taa hufukuza nzi.
Nikapaka. Kweli, nzi walikwenda,
na Mkopo nusura aende nao.
Teke lilinipata hapa, juu ya goti.
Watu husema asante ya punda ni mateke.
Ile haikuwa asante. Ilikuwa lugha fasaha,
na nilielewa kila neno.
Nikamwosha kwa sabuni hadi giza, nikichechemea,
sote wawili tukinuka kibatari.

Jumanne ya tatu Tluway akafika na pikipiki,
akafunua kitenge, akakinusa kidonda, hakunikaripia.
"Chumvi, sawa. Sabuni, sawa. Mafuta ya taa, usirudie.
Ila dawa kubwa ni mapumziko."
Mapumziko hayauzwi gulioni.
Akaniachia kopo la marhamu, elfu nane, deni,
limeandikwa kwa herufi nyekundu:
Kwa matumizi ya mifugo tu.

Siku nne nikabeba maji mwenyewe,
ndoo kichwani, dumu mkononi,
njia ileile, mchanga uleule wa korongo kavu,
na Mkopo amesimama kwenye kivuli cha choo
akinitazama kama mtu anayekagua
kazi aliyomwachia mgeni.

Usiku wa nne nilikaa kizingitini,
nikainua mguu karibu na taa.
Visigino: nyufa za kumeza shilingi.
Kopo lilikuwa limebaki robo.
Nikayasoma maandishi tena, polepole,
herufi kwa herufi,
nikachovya kidole.