Mvua ya Ukoko

Imeanza alfajiri, Buguruni,
mvua ya masika isiyouliza mwenye shughuli ni nani.
Turubai la kukodi limeota tumbo;
vijana wanalisukuma kwa mpini wa jembe
na maji yanamwagikia viti vilivyovishwa zambarau.

Wa kwanza kusema ni Shangazi Havijawa:
"Huyu bi harusi alikuwa anakula sufuriani."
Hakusema kwa hasira. Alisema kama daktari asomaye kipimo.
Jikoni wote wakaitikia, miko juu:
alikuwa anakomba! alikuwa anakomba!

Dada yangu Sikudhani yuko ndani, siku ya saba,
amesingwa kwa liwa hadi anang'aa kama shaba.
Haruhusiwi jua, haruhusiwi kioo,
haruhusiwi hata kujitetea.
Kungwi kamwambia: nyamaza, jicho baya lina masikio.

Basi dawa zikaanza.
Kisu kikazikwa nyuma ya choo, makali juu,
pamoja na pilipili tatu na chumvi ya mawe.
Pilipili zilizobaki zikatupwa motoni,
tukakohoa mpaka mpiga picha akakimbilia nje,
kamera kaifunika kwa ndoo.
Akaletwa kitinda mimba wa jirani,
akasimamisha ufagio kichwa chini,
akaamriwa aiambie mvua iende Kisarawe.
Mvua ikaenda Kisarawe,
ikarudi na wenzie.

Mimi nilijua. Nilikuwepo.
Nalikumbuka sufuria lenyewe, lenye sikio moja,
lililobonyea pale lilipomponyoka Mama siku ya msiba wa Baba.
Mama alikuwa mama ntilie, kule Tazara.
Sahani zetu kumi na mbili, za bati, zenye maua mekundu,
zilitoka naye saa kumi alfajiri, kichwani, ndani ya beseni,
zikarudi magharibi zikinuka midomo ya watu.
Mchana kutwa nyumba haikuwa na sahani.
Tungekulia wapi, Shangazi? Kiganjani?

Sikudhani alichora mstari kwa ncha ya kijiko
katikati ya ukoko: huku kwako, huku kwangu.
Kisha, nilipomaliza kwangu,
akausogeza mstari.

Siku zile mlitukataza mengi.
Msikalie kinu, hamtaolewa.
Msiimbe jikoni, mtaolewa na vizee.
Akikufagia mtu miguu, mwambie arudishie.
Hakuna aliyesema:
chukueni sahani hii.

Saa nane ndipo bwana harusi akafika.
Jangwani hakupitiki, msafara umezunguka mji mzima.
Pazi kashuka, kanzu kaikunja magotini, makubadhi kwapani,
tope limemvalisha soksi.
Shangazi akamdaka mlangoni:
"Na wewe, mwanangu, ulikuwa unakula sufuriani?"
"Hapana, Shangazi. Mimi nilikuwa nalamba mwiko."
Vigelegele vikaipasua mvua.
Haikukatika, lakini ilipasuka.

Kutoka, alitakiwa atangulize mguu wa kulia
na asigeuke nyuma.
Mguu aliutanguliza.
Akageuka.
Kungwi akafumba macho asione.
Mimi nilimwona; alikuwa anaitafuta jikoni.

Usiku, wageni wakiisha kwenda na vijifuko vyao vya pilau,
nikamkuta Mama uani.
Sahani mia mbili za kukodi zimepangwa ukutani,
safi, zinachuruzika.
Yeye amekalia kinu,
kainamia sufuria kubwa, anakomba.

"Mama! Harusi yako itanyeshewa."

Hakuinua kichwa.
"Inyeshe," akasema. "Nani kakwambia sina mpango?"
Akachora mstari kwa ncha ya kijiko,
akanipa kijiko.

Nami bado sijaolewa.