Dakika Sita Mkwakwani

Mimi ni fundi mitambo. Habari za nyimbo usiniulize.
Niulize spika: kumi na nane, tisa kila mkono wa jukwaa,
zilizokuja kwa lori usiku kucha kupitia Segera,
moja ikafika imepasuka, nikaiziba kwa gundi ya viatu.
Watu wa Barabara ya Ishirini walisema kesho yake
vyombo vyao vilicheza kabatini.
Hiyo ndiyo sifa yangu. Nalipwa kwa makabati yanayotikisika.

Jumamosi ile uwanja ulijaa hadi ukutani.
Havijawa Shemhilu alikwishaimba saa mbili bila kupumzika,
tarumbeta tatu, kinanda, Semboja akiponda ngoma
kama anayemdai mtu kodi ya miezi sita.
Taa za meza yangu zote nyekundu. Nikafurahi.

Halafu, saa tano na robo, akashusha kiganja,
hivi, kama anayemlaza mtoto.
Bendi ikatoka. Semboja wa mwisho, kanuna, fimbo kwapani.
Akaomba kiti. Si kile cha jukwaani,
cha plastiki, cha mama muuza mihogo pale getini,
kikaja kikipitishwa juu ya vichwa, mguu mmoja mfupi.
Na galatoni la baba yake, lisilo na waya,
ubavu umezibwa kwa plasta ya kidonda.

Akanitazama, mimi, hatua arobaini, nyuma ya meza.
Akakitikisia kichwa kipaza sauti.
Nikadhani sijamwelewa.
Akatikisa tena.
Nikateremsha. Kitufe kimoja, cha pili, vyote,
mpaka sifuri, mahali ambapo kwa miaka kumi na tisa
sijawahi kufika watu wakiwa bado uwanjani.

Ukaja ukimya wenye vitu ndani yake.
Jenereta nyuma ya choo. Popo kwenye taa.
Mtu akitafuna barafu. Hizza, kijana wangu, akimeza mate.
Ukucha ukikwaruza uzi wa tatu, uliolegea;
aliujua umelegea, hakuukaza.
"Hatusikii!" akapaza mmoja upande wa jua.
Wanawake wanne wakamgeukia, naye akakaa chini.

*Mkonge ulimchoma, vidole vikafa ganzi;*
*jioni akaegama, uzi ukala simanzi;*
*kwa mdomo hakusema, nyuzi zilisema penzi;*
*hata leo anahema, ndani ya gitaa mwenzi.*

Mimi nilipata nusu. Nusu nyingine nililetewa:
waliokaa mbele waliyageuzia nyuma maneno,
mstari kwa mstari, kwa sauti ya chini,
kama maamuma wanavyofikishiwa takbira
siku ya Idi, safu zinapomwagika hadi barabarani.
"Uzi ukala simanzi," aliniambia askari wa mlangoni,
nisiyemjua, sikioni, pumzi yake ya kahawa.
Nikamwambia Hizza. Hizza akamwambia muuza maji.
Sijui mstari ulifika ukutani ukiwa umegeuka nini.

Pale kwenye *penzi* sauti ilimkatika.
Siku nyingine ningeufunika ufa ule kwa mwangwi kidogo,
ndiyo kazi, nimewafunika wengi, na wengine wakubwa.
Huu ulipita wazi,
kama mtu anayekatiza sebuleni na kanga moja,
na hakuna aliyeangalia pembeni.

Bendi ikarudi. Nikapandisha. Uwanja ukaruka.
Ila taa zangu ziliishia njano. Mkono ulikataa tu.
Semboja aliponda, akanitupia jicho, akaponda tena.

Saa nane, tukipakia, Bwana Mbaruku akanihesabia noti
kwa dole lililoloweshwa ulimi:
"Hapa nimetoa za dakika sita. Mitambo ilikuwa imelala."
Nikafungua mdomo. Mimi hubishana, hata kwa mia mbili.
Juu ya lori, kati ya spika zilizofungwa kamba,
Hizza alikuwa akipiga mluzi wimbo ule,
na kwenye uzi wa tatu akaukosea
palepale alipoukosea yeye.

Kata, nikamwambia.