Usiepue Bado

Mwanangu Shekue yuko Padang, mwezi wa nne sasa,
na kila Ijumaa hunitumia sauti, si picha.
Picha, asema, hazina harufu.

Mama, huku mwiku una jina:
nasi goreng, wavikwa yai kama kofia,
na mtu hutoa pesa akala cha jana!
Nikacheka, hata Bi Mwanatumu wa juu
akagonga sakafu kwa mwiko.

Mishkaki yao ni midogo, unakula kumi hujashiba,
wachovya kwenye mchuzi wa njugu.
Tempe ni soya iliyovundikwa ikaota ukungu mweupe.
Hapo nilisema astaghafiru.
Onja kwanza, mama, ndipo ulaani.

Leo nimekwenda Marikiti.
Nazi tatu, mchaichai, khulinjani,
kilo mbili za paja.
Muuzaji akauliza: kuna arusi?
Rendang, nikamwambia.
Akaniongeza pilipili, kwa kutoelewa.

Tui limeshuka. Mimi hapa ningeepua,
ningeita watu, mchuzi u tayari.
Sauti yake kwenye simu: usiepue bado.
Ngoja tui likauke, lirudi kuwa mafuta,
ngoja nyama iwe nyeusi kama kahawa tungu.

Saa ya nne hii. Mtungi wa gesi umekuwa mwepesi.
Nakoroga.
Nani aliyemfundisha kungoja,
huyu aliyekuwa akiiba sambusa
adhana haijaanza?

Kibokoni nzima yauliza
ni nini kinachoungua kwangu.

Hakiungui kitu.