Kuanika Januari

Wa kwanza nilimwona Jumanne, kwenye taa,
mdogo kama punje ya mchele iliyoota mbawa.
Nikampiga kwa kandambili nikasahau.
Wa pili alitoka kwenye kikombe.
Kufikia Ijumaa Kabula alikuwa akiwahesabu kwa kalamu ukutani:
kumi na saba, mama. Kumi na nane.

Nikafungua pakiti ya sembe.
Unga ukaning'inia kwenye kijiko kwa nyuzi,
kama mtu ameanza kufuma kitambaa, akaitwa, akaenda.
Katikati ya nyuzi, funza mwenye kichwa cha kahawia,
akinitazama kama mpangaji aliyelipa kodi.

Kwetu Urambo tungejua la kufanya.
Majivu. Mwarobaini uliokaushwa kivulini.
Mkeka uani, jua la saa saba,
na mtoto mmoja wa kufukuza kuku.
Hapa Winnipeg, ghorofa ya tatu, mtaa wa Sargent,
majivu nitayatoa wapi? Joto linapita ukutani
kwenye bomba, halibakizi kitu.
Na jua la Januari ni picha ya jua.

Bibi Olha wa mlango wa pili alikuja na miwani yake,
akanusa unga, akatikisa kichwa.
Kiingereza chake na changu vilikutana njiani
vyote vikichechemea.
Mengine alinionyesha kwa mikono: toa kila kitu.
Futa kila ufa kwa siki na maji ya moto,
hata matundu ya misumari ya rafu, wanajificha humo.
Weka chakula kwenye mitungi ya kioo yenye mfuniko wa kukaza;
mfuko wanautoboa wakicheka.
Halafu akafungua mlango wa roshani,
upepo ukaingia kama mdai,
akaonyesha nje: nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri.
Vidole vinne. Siku nne. Wanakufa wote,
na mayai yao.

Basi nikaanika.
Mchele, dengu, ngano, ulezi wa uji wa Kabula,
mstari mmoja juu ya theluji,
bila mkeka, bila kuku,
nimevaa makoti mawili mchana kweupe
nageuza mifuko kama mama alivyogeuza makopa.
Angeniona angecheka mpaka akae chini.

Lakini Bibi Olha alirudi mlangoni:
tafuta walikotokea.

Nilijua kabla sijapanda kiti.
Rafu ya juu, nyuma ya sufuria la sherehe,
karanga alizonifungia mama siku ya safari
kwenye kipande cha kanga yake, mafundo mawili.
Miaka mitatu. Alipofariki sikuweza kwenda,
karatasi zangu zilikuwa bado juu ya meza ya mtu.
Nikasema, hizi haziliwi. Hizi zikae tu.

Kikulacho, wanasema.
Na nguo ni ya mama.

Fundo lilikuwa limeshikana kwa utando.
Ndani, karanga zilizobaki na umbo la karanga;
ukizigusa zinakuwa vumbi.
Nilichambua hadi usiku wa manane.
Nzima zilikuwa kumi na moja.

Hizo sikuzipeleka baridini.
Nilizikaanga kwa chumvi mpaka zikalia,
tukala tumesimama, Kabula sita, mimi tano.
Akasema zina ladha ya nguo.

Kanga niliichemsha, nikaitundika nje pamoja na mchele.
Asubuhi ilikuwa imeganda, imekuwa ubao,
imesimama yenyewe roshanini
na maneno yake nusu: ULICHONIPA NI,
hapo ndipo mkasi ulipopita.
Nimejaribu kukumbuka yaliyofuata.
Nimempigia dada. Naye hakumbuki.

Sasa mitungi imepangwa, kila mmoja na tarehe yake.
Ukuta umepakwa rangi, hesabu ya Kabula haionekani.
Jana usiku mmoja alipita kwenye taa.
Sikumwamsha mtoto.
Nilizunguka mfuniko hadi mfuniko, nikikaza.