Kinoo

Mtoto akililia wembe, mpe, husema watu.
Baba hakunipa.
Nililia mwaka mzima, kidevu kina nywele saba,
akanipa kinoo.

Jiwe jeusi la mto Nyamwamba.
Upande mmoja umebonyea, huo wa panga na visu vya ndizi;
upande wa pili bapa, haujui kitu ila wembe.
"Liloweke. Jiwe lenye kiu hula chuma."
Nikaketi barazani, beseni kati ya miguu.
"Mgongo chini, makali chini, vyote vilale.
Makali yatangulie, kama unayeengua utando wa maziwa.
Ukifika mwisho geuza kwa mgongo;
ukigeuza kwa makali, umeanza upya."

Nilianza upya mara nyingi.
Siku ya kwanza nilinyoa kwa pupa,
shingo ikatoka vipele kama ganda la fenesi.
Mama alicheka hadi akaweka mwiko chini.

Sasa mgodi wa Kilembe umenyamaza
na macho ya Baba yameingia ukungu.
Mkono uliopasua mwamba
unashindwa na kikombe cha chai.
Jumamosi jioni yeye yuko kitandani, mlango wazi,
mimi barazani,
ananisikiliza.

Shwaa. Shwaa.
"Bado. Nasikia mchanga."
Naongeza maji.
Shwaa.
"Kisigino kinagusa, ncha inaelea."
Kweli. Nalegeza kidole.
Sauti inakonda, inakonda,
naye hasemi kitu. Hiyo ndiyo ruhusa.

Mkanda wake wa mgodini uko msumarini.
Nauvuta ukakaza, naburuta wembe mgongo mbele,
kwenda, kurudi; zamani nilihesabu hamsini.
Najaribu kwenye malaika ya mkono,
yanaanguka kimya. Unapata.

Taulo la moto. Povu la sabuni ya kipande.
Thembo, asiyemwachia mtu hata ufunguo wa stoo,
anainua kidevu, ananipa koo lote.
Nafuata nywele zinakolala,
shavu, taya, bonde dogo chini ya mdomo
ambamo yeye mwenyewe alikuwa akijikata kila mara,
na pale kooni panapopanda na kushuka
nangoja ameze mate kwanza.

Nafunga wembe. Namfuta povu sikioni.
"Mbona unachelewa?" anauliza.
"Anza basi, maji yanapoa."