Namba Saba

Kabatini kwa mama zipo glasi sita za maua,
zimepangwa mbalimbali, kila moja na nafasi ya kidole.
Mgeni hudhani ni urembo.
Sisi wa Ukonga twajua: ni heshima kwa ngurumo.

Miaka thelathini ndege za zamani zilipita juu ya bati letu,
misumari ikapanda, kuku wa Mama Chiku wakasusa kutaga,
mwalimu akanyamaza, chaki hewani,
mpaka anga limalize sentensi yake.
Mama alinyoosha mkono kabatini bila kugeuka,
kama anayemtuliza mtoto usingizini.
Na baba, Sajinitaji Lugendo, fundi wa injini,
aliacha tonge, akatega sikio lile moja lililobaki:
"Namba tatu hiyo. Leo haikohoi."
Au: "Saba. Rubani asiiharakishe, ina goti."
Kwamba ndege ina goti
niliamini hadi darasa la sita.

Sasa zimestaafishwa.
Zimekuja mpya, rangi ya jivu lililolowa,
kingo zimekatwa kwa pembe kama shati la fundi bahili,
na wanasema rada haizioni.
Benchi la kahawa likabishana siku tatu:
kama haionekani, rubani anaipandaje?
Ikiegeshwa, mtu si atajigonga?
Baba akaweka kikombe chini.
"Ni kama mdaiwa," akasema. "Mtaa mzima unamwona,
isipokuwa mwenye duka."
Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika.
Yeye hakucheka.
Faili lake la kiinua mgongo lina mwaka wa nne
linaruka kutoka meza hadi meza,
na kila ofisi inaapa haijaliona.

Jumapili alikuja Koplo Nyamizi, mwanafunzi wake wa mwisho.
Alileta mkate wa kumimina na siri;
mkate akauacha, siri akaondoka nayo.
Baba aliuliza habari za injini, yeye akasifu chai.
Aliuliza habari za bolti, yeye akauliza hali ya mgongo.
Mwishowe akafungua viganja mezani,
safi, kama vya karani wa benki.
"Hili nadhani si siri, mzee. Siku hizi tunavaa glovu."
Baba akazitazama kucha zake,
weusi uliogoma kila sabuni tangu ujana,
akazikunja
akaficha mikono chini ya meza.

Za zamani ziliuzwa kwa kilo.
Mabawa, wanasema, yalishia Gerezani,
yakayeyushwa, yakapigwa nyundo, yakapangwa barazani yaking'aa.
Mama akanunua sufuria moja, akaibishania bei kama kawaida.
Baba akaigonga kwa kijiko.
Akaisogeza sikioni, akagonga tena, taratibu,
kama daktari kwenye kifua cha mtu anayemjua.
"Hii ni Saba," akasema.
"Ndiyo, namba saba," mama akajibu, "inaivisha kilo mbili na nusu."
Hakuna aliyemsahihisha mwenzake.
Wali wa siku ile uliungua upande mmoja,
na baba akala ule ulioungua.

Jana usiku umeme ulikuwa umekatika,
kibatari kinanusa kuisha,
baba akiparua ukoko. Ghafla akainua uso.
"Imepita."
Hatukusikia kitu. Mbwa wa jirani hakubweka,
bati lilitulia kama kitabu kilichofungwa.
Sijui alisikia nini kwa sikio lile,
au ni saa tu iliyobaki mwilini,
saa ya doria, inayogonga bila kuulizwa.
Nikageuka nimuulize mama.

Mkono wake ulikuwa kabatini tayari,
umezishika glasi
ambazo hazikutikisika.