Ushahidi wa Fundi Sufuria

Mheshimiwa, mimi si msomi.
Nina meza ya mbao Mbuyuni, nyuma ya wauza vitunguu,
mwaka wa kumi na tisa nabadilisha mipira ya sufuria za presha.
Nimeitwa niseme nilichokiona. Nitasema hicho.

Hii hapa pini ya usalama.
Kazi yake ni moja: mvuke ukizidi, iinuke, ipumue.
Haikuinuka.
Ndani ya tundu lake mlikuwa na chembe ya alumini,
mabaki ya keekee, ndogo kuliko punje ya ulezi.
Nimeitoa kwa sindano. Imo kwenye bahasha hiyo.
Msipige chafya.

Wakili wa kampuni ameuliza mara tatu:
Ndealilia alisoma kijitabu?
Nilikifungua. Herufi kama sisimizi,
lugha ya nchi isiyokula makande.
Akauliza: moto ulikuwa mkali?
Mheshimiwa, mahindi makavu hayaivi kwa salamu.

Kisha akatandaza picha za kiwanda:
watu wa glavu nyeupe, wakaguzi, mihuri, vyeti ukutani.
Hakuna aliyezembea, akasema, hata mmoja.
Namwamini.
Hilo ndilo lililoninyima usingizi,
kwamba wote walikuwa macho
na chembe ikapita katikati yao,
ikapanda meli, ikapanda lori mpaka Moshi,
ikakatiwa risiti,
ikamngoja mtoto wa watu jikoni kwake Pasua.

Sasa tunamsaka mwenye kosa kama mbuzi aliyekata kamba.
Mimi naona tumeshika njia isiyo yake.
Msiniulize mkono wa nani ulitetemeka.
Niulizeni chombo: kilitoka kiwandani na chembe, au bila chembe?
Nayo.
Kilipikiwa kama kinavyopikiwa?
Makande. Maji hadi mstarini.
Basi.
Aliyekula faida ya sufuria elfu
asiisukume hasara ya moja
kwenye shavu la mwanamke.

Ameketi pale, benchi la pili, mtandio ameuvutia kushoto.
Miezi minne KCMC, na hajaja hapa kumtafuta mbaya wake.
Anataka tu kujua
ngozi inalipwa na nani
ikiwa kila mtu ni mwema.

Nimemaliza, Mheshimiwa.
Ile sindano naomba nirudishiwe.
Ni ya mke wangu.